Mdogo wangu alikuwa kwenye umati siku mashine za chai zilipochomwa Kericho. Mama amekataa kula naye. Niseme nini Jumapili?

Binti wa Laini, Borabu (Juni 2023)

Hamjambo nyote. Naandika usiku kwa sababu mchana nyumba yetu haina nafasi ya mtu kuwaza. Ni refu, nivumilieni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Borabu, mpakani na Kericho. Nimelelewa ndani ya shamba la chai, kwenye nyumba za wafanyakazi ambazo sisi tunaziita laini. Mama alichuna majani chai humo miaka 19, ukijumlisha kabla ya vurugu na baada yake. Ukitaka kuijua kazi ile, tazama kidole gumba chake cha kulia. Ukucha umepindia upande wa kidole cha shahada, na pembeni mwake pana mstari mweusi wa utomvu ambao haujawahi kutoka, si kwa sabuni, si kwa ndimu. Ngozi ni ngumu kama gamba la mti. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunagombania kukunwa mgongo na kidole hicho.

Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi zilifika kwenye laini yetu. Sisi ni Wakisii. Jioni tukasikia firimbi. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukaingia chini ya michai. Mtu akiliona shamba la chai kutoka barabarani hudhani ni zulia, kumbe chini yake kuna matawi na giza, na mtoto anaweza kutambaa mstari mzima bila kuonekana. Tulilala kifudifudi mpaka alfajiri. Kutoka pale niliona mabati ya nyumba yetu yakijikunja kwa joto. Mdogo wangu alikuwa na miaka 4. Kila alipotaka kulia Mama alimtilia kidole hicho mdomoni, hadi akalala.

Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu zile, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Sisi tulipoteza nyumba na vilivyokuwamo tu, tukajiona wenye bahati.

Tulirudi mwaka 2009. Watu hushangaa nikisema hivyo, lakini tungeenda wapi? Shamba la babu kule Kisii lilikuwa limegawanywa hadi migomba ya jirani inatutilia kivuli jikoni. Mama akarudi kuchuna. Mdogo wangu akakua na watoto wa Kikipsigis wa laini ile ile, akaishika lugha yao kuliko Ekegusii yetu, na hao ndio marafiki zake hadi leo.

Mwaka 2017 mkataba wa msimu wa Mama uliisha, haukuandikwa tena. Hakufukuzwa na mtu. Alikwenda ofisini na kitambulisho chake kama kila mwaka, karani akapitisha kidole kwenye orodha, akamwambia majina yamepunguzwa. Sehemu aliyokuwa akichuna ilikuwa tayari inavunwa na mashine. Siku hizi anawachunia wakulima wadogo kwa shilingi 10 kila kilo.

Sasa ndipo ikaja Mei hii. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na hana kazi. Aliondoka asubuhi na wenzake, akarudi usiku wa manane. Anasema hakuwasha kiberiti. Anasema alikuwepo, alipiga kelele, alikimbia polisi walipofyatua. Mama hakumwuliza neno. Alinusa sweta lake, akachukua sahani yake mezani, akaiweka nje kibarazani. "Moto ulishanitoa nyumbani," akasema. "Sitaupikia ugali." Hii ni wiki ya tatu, kijana anakula nje.

Jumapili wajomba wanakuja, na mimi kifungua mimba lazima niseme. Nikimtetea kijana, namkanyaga Mama pale alipoungua. Nikisimama na Mama, namwambia kijana kwamba kazi ya mama yake haikustahili hata kelele. Hasira ile ni ya Mama kuliko yetu sote, na yeye ndiye anayeikataa.

Jambo la pili linaloniuma ni hesabu. Chama cha wenye mashamba makubwa kilitangaza mashine 9, hasara ya shilingi milioni 170. Hesabu imekamilika hadi sifuri ya mwisho. Lakini ukiuliza kazi ngapi zimeondoka utaambiwa "takriban 30,000 kwa miaka kumi", kama mtu anayekadiria nzige. Je, Mama yumo ndani ya hiyo takriban? Nani alimhesabu?

Nisaidieni.

Mlipa Kodi, Nairobi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini aliyechoma mali ya mwenzake ni mhalifu, basi. Mwekezaji akihama mtalia tena. Kijana apelekwe kituoni.

Binti wa Laini

Nimekusoma, ndugu yangu. Nakuuliza moja tu: kabla ya moto, mwaka gani ulisikia habari za wachunaji hawa? Chama chao cha wafanyakazi kilianza kupinga mashine hizi mapema, kikagoma mwaka 2010. Mwezi Machi mwaka huu kikosi kazi cha kaunti kimependekeza uwiano wa 60 kwa 40 kati ya mashine na mikono. Mapendekezo yakawekwa mezani, mashine zikaendelea kutembea. Nakubali kuchoma ni kosa. Ila usiniambie hakukuwa na mtu aliyebisha hodi.

Mshika Mashine, Kericho

Dada, naomba nikae upande wa pili wa moto wenu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeishika mojawapo.

Si yale makubwa yenye minyororo kama trekta ya vita. Mimi nabeba ile ya mkononi. Wawili tunaishika, mmoja huku mwingine kule, michai iko katikati yetu, meno yanakata mfululizo na upepo wa injini unasukuma majani kwenye mfuko mrefu nyuma. Mwingine anauvuta mfuko usinase. Ukiiwasha asubuhi, ikifika saa nne mikono inawasha hadi kwenye mabega, na usiku ukishika kikombe kinatetemeka peke yake. Petroli unaivuta puani siku nzima. Nilikuwa mchunaji kabla ya hapo, nikateuliwa kwa kuwa nina kimo. Wenzangu wanane wa mstari wetu hawakuteuliwa. Naishi nao laini moja. Wake zao wanachota maji bomba moja na mke wangu.

Siku ile walikuja kutoka juu, wengi. Tukaiweka chini tukakimbia. Sikupigwa. Lakini kijana mmoja ninayemjua tangu akiwa darasa la kwanza aliniita msaliti kwa jina langu kamili, na la baba yangu juu. Hilo ndilo ninalolala nalo, si moshi.

Baada ya hapo kampuni ilisimamisha kazi kwa muda. Kwa hiyo siku zile hakuna aliyelipwa, si wa mkono, si wa mashine. Ndiyo maana nasema sioni ushindi. Mashine zitanunuliwa nyingine. Mwenye duka la unga hakunipunguzia deni kwa sababu ya mapinduzi ya mtu.

Lakini nisiwe mwongo. Mdogo wako akija kwangu nitamkaribisha. Ovaroli niliyovaa ingekuwa ya mtu mwingine, na mimi nikiwa sina kitu, miguu yangu ingeelekea wapi siku ile? Sina hakika kwamba ningebaki nyumbani. Jumapili usimwite mhalifu mbele ya wajomba. Mwulize kama aliwaona tukikimbia. Nataka kujua kama wao pia walituona.

Nilichuna Miaka 11

Mwalimu, mimi nitasema ambalo wanawake wengi humu hawataliandika.

Nilipotolewa kwa ajili ya mashine sikuililia kazi ile. Nililia mshahara. Ni vitu viwili. Kuna nyapara aliyekuwa akigawa mistari asubuhi, na usipokubali yake unapewa mstari uliochunwa juzi, jioni mizani inasoma kilo 14 na wenzako wana 40. Februari mwaka huu BBC ilitoa uchunguzi wake, zaidi ya wanawake 70 wakasema waliyofanyiwa na wasimamizi wao kwenye mashamba ya Kericho. Mimi sikuhojiwa, lakini nilipokuwa nasikiliza nilizima redio nikakaa kitandani nikiwa na viatu.

Mashine haimwiti mtu kibandani. Naomba hilo lisemwe pia. Vijana wanaimba "turudishieni kazi zetu", nami najiuliza, kazi ipi? Turudishiwe na yule nyapara?

Na mbona ule uchunguzi ulipotoka hatukumwona kijana hata mmoja barabarani? Mashine ikichukua mkate wa wanaume, mawe yanarushwa. Mwanamke akichukuliwa mwili, kunakuwa na mkutano. Mwambie mdogo wako hivyo. Si kwa ubaya. Mwambie siku nyingine akitoka, atutokee na sisi.

Mtunza Wazee, Huddersfield

Dada yangu, mimi ni mtoto wa Litein, huko huko Kericho, niko Uingereza mwaka wa saba, nazunguka kuwahudumia wazee majumbani. Njia yangu ya Jumanne hupita Crosland Moor. Mzee mmoja ninayemwogesha alipojua natoka kwenye chai, akaniuliza, "Kwenu pia wamevunja mashine?" Kisha akaanza kunisimulia ya kwao kama mambo ya juzi, kumbe ni ya mwaka 1812.

Huku walikuwepo mafundi wa kukata manyoya ya nguo za sufu kwa mikasi mikubwa mno. Mkasi ule ulikuwa mzito hadi kifundo cha mkono kiliota sugu nene, waliyoiita kwato. Fundi alijulikana kwa kwato yake. Niliposoma habari ya kidole cha Mama yako ilibidi niweke simu chini.

Mashine za kukata zilipoingia, mafundi wakajiita watu wa Jenerali Ludd, mtu ambaye wala hakuwepo, wakawa wanazivunja usiku kwa nyundo. Nyundo yenyewe waliiita Enoch, kwa sababu Enoch Taylor wa Marsden ndiye aliyekuwa anaunda mashine hizo pamoja na nyundo. Bunge likatunga sheria kwamba avunjaye mashine anyongwe. Mshairi Byron alisimama kwenye Bunge la Malodi Februari ile akapinga, akasema juu ya njaa iliyowafikisha watu pale, haikusaidia. Wakaletwa askari maelfu.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalohusu swali lako. Kwa miezi mingi watu wa vijiji hivi waliwaficha. Zawadi zilitangazwa, hakuna aliyetaja jina. Aprili wakashambulia kiwanda cha nguo cha Rawfolds, wenye kiwanda wakafyatua risasi, wavunjaji wawili wakafa, na watu bado wakanyamaza. Lakini tarehe 28 mwezi huo huo mwenye kiwanda mmoja, William Horsfall, alipigwa risasi akiwa juu ya farasi hapo Crosland Moor, akafa. Mzee wangu anasema hapo ndipo mioyo ilipoanza kugawanyika. Hatimaye mmoja wao akatoa ushahidi dhidi ya wenzake. Januari 1813, mjini York, walinyongwa watu 17.

Mashine zilibaki. Na jina lao likageuzwa tusi: leo huku asiyejua kutumia simu anaitwa kwa jina lao, "Luddite", kana kwamba walikuwa wajinga wa kuogopa chuma. Hawakuogopa chuma. Walikuwa wanakijua kuliko waliokinunua.

Kwa hiyo mimi nawasikia Mama yako na mdogo wako wote wawili. Mama anaujua mpaka ulipo, kati ya chuma na mwili wa mtu, kwa sababu kwake ulishavukwa. Kijana amefika karibu na mpaka huo bila kujua kuwa upo.

Mkulima wa Ekari Moja, Bomet

Nitasema kidogo. Mimi ni mmoja wa hao ambao Mama yako anatuchunia kwa shilingi 10. Wakati mwingine mchunaji ananidai 12, nami sina. Vijana hawataki kuchuna, nao waliopo wanazeeka. Majani yasipochunwa kwa wakati yanakomaa, yanakuwa mabua, kiwanda kinayakataa, na mimi narudi nayo nyumbani kuwatandikia ng'ombe.

Watu wanasema mashine inaharibu chai kwa sababu inakata na vijiti. Ni kweli, mkono wa mama mmoja unachagua majani mawili na chipukizi, mashine haichagui. Lakini chai yetu nyingi inapondwa na kuchanwa vipande kiwandani, inauzwa mnadani Mombasa, inakwenda Pakistani na Misri na Uingereza, mara nyingi inamiminwa maziwa juu. Mnywaji hawezi kujua iliguswa na kidole au meno ya chuma. Angekuwa anajua na kulipia tofauti, Mama yako angekuwa kazini.

Nimemaliza. Mwambie akija wiki hii aje na leso nzito, huku kuna baridi.

Binti wa Laini (wiki moja baadaye)

Nimesoma kila neno, na mengine nimemsomea Mama. Asanteni. Wewe uliyechuna miaka 11, Mama alinifanya nirudie maneno yako mara mbili, kisha akatoka kwenda kuangalia kuku ambao walishafungiwa. Hakusema kitu. Sikuuliza. Nitauliza siku nyingine, tukiwa wawili.

Jumapili wajomba walikuja watatu. Niliandaa hotuba na sikuitumia. Nilimwuliza mdogo wangu swali la yule kaka mshika mashine: je, uliwaona wakikimbia? Alikaa kimya, akasema ndiyo, aliona mmoja akianguka na kuinuka, kofia ikabaki. Mjomba mkubwa akataka kuanza kumfokea, Mama akainua mkono.

Halafu akauliza Mama mwenyewe, na ndilo neno la kwanza kumwambia kwa mwezi mzima: "Na yule aliyekufa siku ile ya moto, ulikuwa umbali gani naye?"

Kijana akasema si mbali. Akasema hakumjua, ila alijua laini ya kwao. Akaanza kulia kama mtoto, pale pale mbele ya wajomba.

Mama akauliza, "Mama yake bado yuko?"

Kwamba yuko au hayuko hakuna aliyejua. Katika yote niliyosikia redioni na niliyosoma kwenye simu, mashine 9, milioni 170, hili halikuwamo. Jumatatu mdogo wangu alipiga simu kwa marafiki zake, Jumanne akapata jibu. Yuko. Naye alikuwa mchunaji.

Mama hajamsamehe, nisiwadanganye. Sahani bado inawekwa kibarazani. Lakini tangu Jumatano anaifunika na bakuli.

Kesho Jumamosi tunaenda kumpa pole mama yule. Mama amefunga sukari kilo mbili, unga, na nusu kilo ya majani chai. Sijui kama tutapokelewa, sisi Wakisii, kwenye nyumba ya Mkipsigis aliyefiwa, na kwenye shamba lile lile. Nilimwambia Mama niende mimi na yeye tu. Akakataa. Amesema bodaboda zije mbili, saa moja asubuhi, na kijana apande ya mbele, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua laini.